Siku tano kwa treni za polepole: Nagoya hadi Onomichi

Desemba 28, Nagoya hadi Osaka

Tiketi yangu inaitwa Seishun 18, yaani ujana wa miaka 18, na mimi nina 44. Umri haumhusu mtu. Unalipa yeni 12,050, kama laki mbili za Tanzania, unapanda treni zote za kawaida za JR, kampuni za reli za Japani, nchi nzima kwa siku tano, mradi usiguse Shinkansen, zile treni za kasi kubwa, wala treni za haraka zenye nyongeza ya nauli. Ilianza kuuzwa mwaka 1982. Zamani ulichagua siku zako tano utakavyo, hata ukagawana na rafiki. Tangu majira ya baridi ya 2024 wameibana, siku ziwe mfululizo na mtu awe mmoja. Wajapani walinung'unika, na ukimwona Mjapani ananung'unika hadharani, jua jambo limefika pabaya. Mimi bado naisifu. Kwa Shinkansen hela hiyo hainifikishi hata Hiroshima, achilia mbali kurudi.

Naishi Nagoya mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni makaratasi ya magari yaliyotumika yanayopakiwa melini kwenda Dar es Salaam na Mombasa. Watu wa nyumbani huniuliza, mbona Mjapani anauza gari zima kabisa, lina nini? Halina kitu. Kuna ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na bili yake ni ya kukaa chini. Mtu akikaribia ukaguzi wa tatu au wa nne anapiga hesabu, anaona heri anunue jingine. Kwa hiyo likizo ninayokula leo imelipwa na woga wa Mjapani kwa shaken. Na siku ukipanda daladala Dar ukaona maandishi ya Kijapani ubavuni, huenda ni jina la shule ya chekechea. Nimeshapitisha karatasi za mabasi ya aina hiyo, yana viti vidogo vidogo, watu huving'oa.

Nimeondoka saa moja asubuhi. Nimebadilisha treni Ogaki, nikabadilisha tena Maibara. Katikati pale pana Sekigahara, uwanda wa vita ya mwaka 1600 iliyompa Tokugawa Ieyasu nchi. Leo kilichotawala ni theluji. Nje kweupe, ndani joto la hita chini ya viti linakuchoma ugoko hadi unataka kunyanyua miguu.

Kiti cha pembeni yangu kimebaki kitupu kutoka Ogaki hadi Maibara na watu wamesimama. Wageni wote wa hapa wanakijua kiti hicho. Mwaka wa kwanza kiliniuma. Mwaka wa tatu nikaanza kuweka begi langu juu yake kama mwenye haki. Sasa hivi sijui nisemeje. Mara nyingi nadhani mtu anaogopa tu nisije nikamsemesha Kiingereza. Lakini si kila mara, na sitaki kuwapamba. Nilipokuwa natafuta nyumba, wakala mmoja alinipigia simu mwenye nyumba mbele yangu, akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja, akaniambia kwa upole mkubwa kabisa kwamba wageni hapana. Upole ule ndio ulionichosha. Kwetu mtu akikukatalia nyumba angalau mnagombana.

Osaka saa nne na ushee. Kwenye ngazi za umeme unasimama kulia, anayekimbia apite kushoto. Tokyo ni kinyume chake. Nagoya wao wametunga sheria ya manispaa, tangu Oktoba 2023, kwamba hakuna kutembea kwenye ngazi hizo, simama hapo ulipo. Nimesimama kushoto kama mtu wa Tokyo na nikasukumwa kwa adabu.

Mwenyeji wangu ni mama mmoja wa Kijapani aliyesoma Kiswahili miaka ya themanini katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, ambacho mwaka 2007 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka. Bado mtu anaweza kuchukua shahada nzima ya Kiswahili pale. Kila tukikutana mlangoni mwili wangu unagoma: kiuno kinainama Kijapani, mdomo unasema shikamoo.

"Marahaba mwanangu, hujambo? Ingia ndani, baridi hiyo."

Kiswahili chake ni cha Unguja na hakina huruma. Nimemwambia gari zimepanda bei mwaka huu. Akanitazama kama mwalimu wa darasa la nne: "Magari yamepanda bei." Mimi, mtoto wa Tanga, nimesahihishwa ngeli Osaka.

Alasiri akaniletea kiazi kitamu cha kuchoma, kile cha ganda la zambarau, na chai. Akasema ni oyatsu, kitafunio cha katikati ya mchana. "Unajua maana yake? Nane."

Nikadhani anatania. Kumbe kabla ya mwaka 1873 Japani ilikuwa na saa nyingine kabisa. Mchana, kuanzia mapambazuko hadi giza, uligawanywa mafungu sita, usiku nao sita. Kwa hiyo fungu la mchana lilikuwa refu kiangazi na fupi siku kama hizi. Namba zilishuka badala ya kupanda: adhuhuri kengele tisa, kisha nane, saba, sita jua likizama, tano, nne, halafu tisa tena usiku wa manane. Kengele nane zilipigwa kama saa mbili baada ya adhuhuri, watu wakala kitu kidogo, na neno likabaki hata saa zenyewe zilipofutwa tarehe 1 Januari 1873.

"Sasa saa mbili baada ya adhuhuri kwenu ni saa ngapi?" akaniuliza.

Saa nane mchana. Kiazi kilinikwama kooni.

Desemba 29, Kobe, Akashi, Himeji

Nimeshuka Sannomiya kuswali Adhuhuri katika msikiti wa Kobe. Ulijengwa mwaka 1935, wa kwanza Japani. Mabomu ya 1945 yaliunguza mtaa, msikiti ukabaki. Tetemeko la Januari 17, 1995 likaangusha majumba mengi mjini, msikiti ukabaki. Minara miwili, kuba, na pembeni mashine ya vinywaji kama ilivyo kila kona ya nchi hii, lebo nyekundu moto, lebo ya buluu baridi. Nilitoka na kopo la supu ya mahindi mkononi. Punje za mwisho hazitoki kamwe. Nimeona watu wazima wenye tai wakigonga kitako cha kopo hilo, kichwa nyuma, mdomo wazi, na hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba watu hawa hawachekeshi.

Niseme la chakula moja kwa moja, maana ndilo swali la kwanza la kila Mwislamu anayetaka kuja. Herufi ya Kijapani niliyoijua kabla ya jina langu ni ya nguruwe. Katika konbini, maduka yale yasiyofungwa usiku, salama yangu ni wali wa onigiri wa samaki au mwani, na hata hapo nasoma nyuma ya karatasi. Kuna onigiri ya sake. Nilimkimbia mwaka mzima nikidhani ni pombe, kumbe ni samaki samoni, matamshi tu yanafanana. Mwaka mzima!

Sasa Akashi. Hapa ndipo nilipokuwa nakwenda; mengine ni njia.

Akashi imekaa juu ya longitudo 135 mashariki, na mstari huo ndio saa ya Japani nzima. Amri ilitoka mwaka 1886, ikaanza kufanya kazi Januari 1, 1888. Mwaka 1910 walimu wa shule za msingi wa wilaya ile wakasimamisha jiwe kuonyesha mstari unapita wapi. Napenda kwamba ni walimu wa msingi, hawakungoja waziri. Leo pana jumba la sayari lenye mnara wa saa, lililofunguliwa mwaka 1960, na ndani yake mtambo wa kuonyesha nyota uliotengenezwa Jena, Ujerumani Mashariki. Ule ujamaa umeshakufa, mtambo unazungusha nyota hadi leo. Nilishaingia miaka miwili nyuma, safari hii nimesimama tu chini barabarani kutazama mshale.

Nieleze kwa nini mtu mzima anasimama kwenye baridi kutazama saa.

Saa za Afrika Mashariki zinahesabiwa kwa longitudo 45. Kutoka 45 hadi 135 ni nyuzi 90, na nyuzi 90 ni saa sita. Sasa sisi Waswahili tuna sita yetu nyingine: mshale ukiwa kwenye saba tunasema saa moja, ukiwa kwenye kumi na mbili tunasema saa sita. Hizi sita mbili zinakutana. Maana yake ni kwamba saa yoyote ya ukutani Japani, ukiisoma ilivyo bila kubadili kitu, imekupa saa ya Tanga kwa Kiswahili. Mshale hapa uko kwenye tatu, alasiri. Tanga ni saa tatu asubuhi. Hapa uko kwenye nane, usiku nimeshakula. Tanga ni saa nane mchana. Kila saa ya kituo cha treni, ya benki, ya shule, ya ofisini kwangu, inasema Kiswahili siku nzima na hakuna Mjapani anayejua.

Ilinichukua miaka miwili kuliona. Nilikuwa natoa sita kwenye kichwa, halafu natoa sita tena, nampigia mama yuko usingizini. Siku nilipogundua nikampigia kwa furaha.

"Mama, saa za huku zinasema Kiswahili! Hapa ukutani imeandikwa tatu, na kwako ni saa tatu."

"Basi tuko sawa."

"Hapana, huku ni alasiri."

"Alasiri saa tatu?"

"Hapana, huku ni saa tisa. Lakini saa inasema tatu."

Kimya. Nasikia kuku. "Mwanangu, unakula vizuri huko?"

Mama ana saa ya ukutani ya Seiko, ya Kijapani, iko sebuleni tangu sijazaliwa. Hajashawishika.

Kwenye mnara ule saa iliyokuwepo zamani ilisimama tetemeko lilipopiga, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri. Baadaye iliwekwa nyingine. Ukitazama baharini unaona daraja la Akashi Kaikyo, lililofunguliwa Aprili 1998. Lilipangwa liwe na mita 1,990 kati ya minara yake miwili mikubwa. Lilikuwa bado linajengwa ardhi ilipotikisika, minara ikaachana zaidi, na sasa ni 1,991. Wakaendelea kujenga. Mita moja ya tetemeko imo ndani ya daraja, magari yanapita juu yake.

Njaa ikanipeleka soko la Uonotana, karibu na stesheni. Pweza! Wako hai kwenye trei, mmoja akatoka akaanza kwenda zake barabarani taratibu, muuzaji akamrudisha bila kukatisha mazungumzo. Pweza wengi wa supamaketi za Japani wametoka Mauritania na Morocco, lakini wa Akashi ni wa hapa, bei inakuambia. Wanawatega kwa vyungu vilivyofungwa kamba; pweza anaingia mwenyewe akidhani amepata nyumba. Kwetu kina mama wanachokoa pweza miambani kwa mti maji yakitoka. Na ukipita Dar jioni utawaona wanaume wamezunguka sufuria ya supu ya pweza, kila mmoja anajifanya amekuja kwa sababu ya mafua.

Hapa wanamtia kwenye vidonge laini vya mayai, unachovya kwenye mchuzi mwepesi wa samaki. Niliuliza mchuzi una pombe ya kupikia? Muuzaji akaenda jikoni, akarudi na chupa zote tatu mkononi nizisome mwenyewe. Moja ilikuwa nayo. Akanipa chumvi badala yake, na alikuwa na huzuni kuliko mimi.

Nimelala Himeji. Ngome ile nyeupe nimeiona kwa dirisha, iko palepale.

Desemba 30, Himeji hadi Onomichi

Kati ya Himeji na Okayama treni ni chache na fupi, na wenye tiketi kama yangu ni wengi. Aioi ndipo penye fedheha. Treni inasimama, milango inafunguka, na watu walewale wanaopanga foleni kimya kwenye lifti wanatoka mbio: wazee wenye mabegi ya mgongoni, mabinti, baba na watoto wawili, wote kuwahi viti upande wa pili. Nilikimbia pia. Mzee mmoja wa miaka sabini hivi alinipita kushoto, akakaa, akaniona nimesimama, akacheka peke yake. Nilimpenda. Watu wa nyumbani wanaoniambia Wajapani ni kama mashine ningewaleta Aioi nusu saa tu.

Baada ya Okayama njia inatulia. Paa za vigae vyeusi, mashamba madogo, stesheni zisizo na mtu. Kwa Shinkansen huyaoni haya. Ile imejengwa ikwepe kila kitu. Nyumba moja ina nguo zimeanikwa, ya pili madirisha yamefungwa, ya tatu mwanzi umeingia ndani ukatokea paani. Kwa hesabu ya serikali ya mwaka 2023 Japani ina nyumba tupu milioni tisa, karibu nyumba moja katika kila saba.

Onomichi ni mji uliopanda mlima kwa magoti. Baharini kuna njia nyembamba ya maji, ng'ambo kisiwa cha Mukaishima, na nyuma ya reli ni ngazi, ngazi, ngazi, mahekalu na paka. Juu huko gari haliingii. Jokofu likiharibika linashushwa mgongoni. Ndiyo maana vijana walishuka wasirudi, na mji ukajaa nyumba zilizofungwa. Kisha baadhi ya watu wakaanza kuzifungua moja moja: huyu kaweka duka la mkate, yule nyumba ya wageni. Nimefikia kwenye mojawapo, mwenyewe ni bibi wa miaka 81 ambaye anapanda ngazi zile na kapu upesi kuliko mimi na begi.

Katikati ya mlima nilikuta kibanda cha mbao, urefu wake kiunoni. Ndani mifuko ya chenza, kila mfuko yeni 100, na kopo la chai lililotobolewa kifuniko. Hakuna mtu. Nimetia sarafu, ikalia kwenye nyingine, nimechukua mfuko wangu.

Kila Mwafrika anayefika Japani anapiga picha kibanda cha aina hii na kukituma nyumbani: tazameni uaminifu! Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza. Sikatai, uaminifu upo. Lakini nimekaa sasa, na nina maoni mengine. Muheza, ukipita na basi msimu wa machungwa, dirishani wanakuja vijana kumi, mikono kumi, wavu wa machungwa unaingia hadi mapajani mwako kabla hujasema bei. Kibanda cha Onomichi hakina mlinzi kwa sababu watu hawaibi, sawa. Hakina mlinzi pia kwa sababu hakuna mtoto wa kukaa pale. Mwenye chenza yuko bondeni, ana miaka themanini, anapanda mara moja kwa siku kufungua kopo. Bibi aliniambia watoto wa shule waliokuwa wanapita njia hiyo wamebaki wanne. Karibu watu watatu katika kila kumi nchini wamevuka miaka 65. Vitu vingi tunavyovisifu hapa, ukimya, usafi wa barabara, nafasi, kibanda kisicho na mtu, nusu yake ni adabu na nusu yake ni upungufu wa watu. Najua watakaokasirika. Waje wakae mlimani wiki moja.

Jioni saa kumi na mbili kengele ya hekalu la Senkoji ikapigwa juu yetu. Ni kengele ya saa tangu zamani, na mwaka 1996 serikali iliiingiza katika orodha ya sauti 100 za Japani zinazostahili kuhifadhiwa. Nchi yenye orodha ya sauti! Huko ndiko wanakonishinda kabisa. Sauti yenyewe si ya kugonga, ni ya kujaa. Inaingia bondeni, inavuka maji, unaisubiri iishe na haiishi. Saa ya bibi ukutani: sita. Tanga, saa sita mchana. Mama anapakua.

Desemba 31, Hiroshima na kurudi

Nilikwenda Hiroshima kama mwendo wa saa moja na nusu, nikakuta jumba la kumbukumbu ya bomu la atomiki limefungwa. Linafungwa Desemba 30 na 31, imeandikwa, kosa ni langu. Nilishaliona zamani. Mle kuna saa ya mkononi iliyosimama saa mbili na robo asubuhi, Agosti 6, 1945.

Basi nimezunguka nje. Kuba lile lililobaki mifupa, mto, mtu mmoja anafagia majani. Nikapanda tramu kwenda stesheni. Tramu za mji huu zilianza tena kutembea kipande cha njia siku tatu tu baada ya bomu. Siku tatu. Sina la kuongeza hapo, na sidhani linahitajika.

Kwenye treni ya kurudi, glavu ya mtoto, nyekundu, imewekwa juu ya uzio wa stesheni moja ndogo, vidole juu, kama mkono unaaga. Mtu aliiokota akaiweka aliyeipoteza aione. Nimeziona mia kwa miaka tisa. Mwavuli wangu niliousahau ulirudi mara mbili. Wa tatu haukurudi, ilikuwa mvua.

Usiku bibi amepika soba. Usiku huu Japani nzima inakula tambi hizi, ndefu kama umri unaoombewa, na lazima ziishe kabla mwaka haujageuka. Nilikuwa nimeshamwonyesha kwa simu kwamba situmii mirin, ile pombe tamu ya mapishi. Akasimama muda mrefu mbele ya kabati. Kisha akachemsha mwani na uyoga mkavu, akaweka chumvi, akaonja, akakunja uso. Akaweka kiazi kitamu. Akaonja, akakubali. Haikuwa soba ya mtu yeyote duniani ila yangu. Alikaa mbele yangu hadi nikamaliza, akahakikisha kwenye bakuli hakuna hata uzi.

"Kwenu mwaka mpya mnakula nini?" akauliza.

Nikamwambia pilau, japo mwaka mpya kwetu si jambo kubwa, kubwa ni Idi. Akataka kujua pilau ina nini. Tulikesha kwenye bizari, nikitafuta kila neno kwenye simu, hadi tukashindwa na hiliki.

Januari 1, Onomichi

Kengele zilianza robo saa kabla ya usiku wa manane. Hupigwa mara 108 usiku huu, idadi ya tamaa za binadamu kwa hesabu ya Wabuddha, na Onomichi ina mahekalu mengi, kwa hiyo hakuna anayejua tamaa ya nani imefikia ngapi. Moja juu, moja kushoto, moja ng'ambo ya bonde, zinapishana. Bibi amepanda hekaluni na majirani. Mimi nimebaki kibarazani na blanketi na chenza, nikampigia mama.

Mishale ya saa ya bibi ilikuwa imelaliana kwenye kumi na mbili. Tanga saa kumi na mbili jioni. Hapa mwaka umekwisha. Kule siku inakwisha, maana kwa hesabu ya wazee wetu siku haifi usiku wa manane, inakufa jua likizama, na Magharibi ndiyo mwanzo wa siku ya kesho. Nilitaka kumweleza mama hili. Sikuthubutu, nikikumbuka la saa tatu.

Tukaongea ya mvua, ya mjomba, ya bei ya nazi. Dakika arobaini. Nikisikia kuku wake, naye akisikia kengele zangu.

"Hayo makengele ya nani?"

"Ya mwaka mpya, mama. Wanapiga 108."

"Mia na nane? Wanahesabu?"

"Wanahesabu."

"Watu wa ajabu," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayependezwa. Akasikiliza kidogo. Ndipo nikasikia msikiti wa mtaani kwetu, kwanza ule mkwaruzo wa kipaza sauti, kisha adhana, na juu ya mlima hapa kengele moja iliyochelewa bado inajaa bondeni.

"Haya, Magharibi hiyo, nakwenda kuswali," mama akasema. "Na wewe kalale. Huko si usiku wa manane?"

Nikamwambia ndiyo, usiku wa manane. Miaka tisa. Akakata kabla sijasema kitu kingine.

Treni yangu ya kurudi Nagoya ni ya asubuhi na mapema, mabadilisho sita kama hakuna theluji Sekigahara. Chenza zimebaki nne. Aioi nitakimbia upande wa kulia.